Angela Mortimer, Bingwa Anayekumbukwa kwa Kuanguka kwa Mwenzake

Julai 7, 2013, Andy Murray alipomshinda Novak Djokovic 6-4, 7-5, 6-4 katika fainali ya tenisi ya Wimbledon, sentensi moja ilizunguka dunia nzima, na sisi kijiweni tukaimeza bila kutafuna: Mwingereza wa kwanza kutwaa Wimbledon baada ya miaka 77. Hesabu ilianzia 1936, mwaka Fred Perry alipochukua taji lake la tatu mfululizo. Niliirudia sentensi ile kwa kujiamini kabisa mbele ya watu, mpaka kijana mmoja aliyekuwa kimya pembeni akauliza, "Na Virginia Wade je?"

Nikaenda kuhesabu. Dorothy Round alitwaa Wimbledon 1937, mwaka mmoja tu baada ya Perry. Angela Mortimer akatwaa 1961. Ann Jones, 1969. Virginia Wade, 1977. Waingereza wanne, wote mabingwa wa mchezo wa mmoja mmoja, wote baada ya Perry na kabla ya Murray. Sentensi ile ilikuwa imepungukiwa neno moja tu: mwanamume. Murray mwenyewe hana lawama hapa. Mwaka 2017 mwandishi alimwambia kwamba Sam Querrey ndiye Mmarekani wa kwanza kufika nusu fainali ya mashindano makubwa tangu 2009, naye akamkata kauli hapo hapo: mchezaji wa kiume. Akina Williams, yaani Serena na dada yake Venus wa Marekani, walikuwa wameshazibeba nusu fainali na mataji hata wao wenyewe wakachoka kuhesabu.

Katika wale wanne, Mortimer ndiye anayeniuma zaidi. Round husahaulika, basi, yamekwisha. Mortimer hatajwi kabisa, au akitajwa anatajwa pamoja na jambo ambalo si kweli, au ambalo ni kweli nusu.

"Alishinda kwa sababu mwenzake alianguka"

Hili ndilo kubwa, na ndilo gumu kulijibu kwa sababu kuanguka kulikuwepo kweli.

Jumamosi, Julai 8, 1961. Fainali ya wanawake ina Waingereza wawili, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1914, Dorothea Lambert Chambers alipomshinda Ethel Larcombe. Upande mmoja yuko Christine Truman, umri miaka 20, mrefu wa futi sita, mpigaji wa mkono wa kulia mwenye nguvu, kipenzi cha taifa zima tangu alipofika nusu fainali ya Wimbledon akiwa na miaka 16. Upande wa pili Angela Mortimer, miaka 29, mchezaji wa nyuma ya uwanja, mtulivu, mpira wake wa kuanzisha hauogopeshi mtu. Kama ingekuwa Simba na Yanga, ungesema uwanja mzima ulivaa rangi moja.

Truman alichukua seti ya kwanza kwa gemu 6-4, na anayetangulia kupata seti mbili ndiye bingwa. Katika ya pili akawa mbele 4-3. Nyasi zilikuwa na unyevu wa mvua. Akiwa anageuka kuufuata mpira, mguu ukateleza, akaenda chini kwa kishindo. Akainuka, akaendelea. Mortimer akashinda seti ile 6-4, kisha ya tatu 7-5.

Habari ikaishia hapo kwa watu wengi: msichana aliyekuwa anashinda alianguka, yule mwingine akaokota ushindi. Ushindi wa mezani, kama tunavyosema kwetu timu inapopewa pointi tatu bila kugusa mpira.

Sasa shika penseli. Kuanzia gemu ile ya kuanguka zilichezwa gemu 15 zaidi. Mortimer alichukua kumi, Truman tano. Hapo mtetezi wa Truman atasema, unaona, upepo uligeuka. Kweli uligeuka, na mimi siwezi kusema kuanguka hakukuwa na athari. Mtu wa futi sita hagongi ardhi kwa nyonga halafu akabaki vile vile. Lakini zile gemu tano zote ziko katika seti ya tatu. Walikuwa sare 5-5 katika seti ya mwisho ya fainali ya Wimbledon. Yaani Truman alikuwa na gemu mbili tu mkononi mwake kuwa bingwa, dakika nyingi baada ya kuanguka. Mgonjwa asiyejiweza hafiki 5-5. Aliyefika pale ni mpinzani aliyepona, na aliyemtoa pale ni mtu aliyejua kucheza gemu mbili za mwisho.

Pia kuna njia ya kufikia siku ile, ambayo wasimulizi huiruka. Katika kupanga ratiba, waandaaji huwatenga wachezaji wanaowaamini ili wasikutane mapema. Mwaka ule Truman aliwekwa wa sita na Mortimer wa saba. Truman alimng'oa Margaret Smith, binti wa Australia ambaye baadaye dunia ingemjua kwa jina la Margaret Court, kwa 9-7 katika seti ya tatu. Mortimer katika nusu fainali alimkuta Sandra Reynolds wa Afrika Kusini, aliyepangwa wa kwanza, akamtoa 11-9, 6-3. Hakuna aliyeteleza siku hiyo.

Kama unataka bahati ya kweli ya 1961, itafute kwingine. Maria Bueno wa Brazil, bingwa wa 1959 na 1960, alikuwa mgonjwa, hakuja kutetea taji. Hilo lilimfungulia mlango kila mtu, Truman akiwemo. Lakini sijawahi kusikia mtu akisema Mortimer alishinda kwa sababu ya ugonjwa wa Bueno. Kuanguka kuna picha. Mtu aliyelala kitandani hana.

Halafu kuna hili la mipira ya juu. Wapo wanaosema Mortimer alikosa uungwana kwa kuendelea kumrushia mwenzake mipira ya juu na mifupi ya karibu na wavu, kumkimbizakimbiza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake siku zote. Mtu asiye na nguvu ya kupiga kwa kishindo huishi kwa kumtoa mwenzake mahali pake: mbele, nyuma, kushoto, kulia, mpaka nafasi ipatikane. Dhidi ya mtu mrefu anayependa kuja wavuni, mpira wa juu ni silaha ya kwanza. Ulitaka abadilishe mchezo wake wote katikati ya fainali kwa huruma? Muulize Truman kama angeipokea huruma hiyo.

"Alivuma mwaka mmoja tu"

Mortimer alizaliwa Plymouth, mji wa bandari kusini magharibi mwa Uingereza, Aprili 21, 1932. Alianza kucheza kwa dhati akiwa na miaka kama 15 hivi, umri ambao leo watoto wa akademi wameshazunguka nchi kumi. Mwalimu wake alikuwa Arthur Roberts, aliyefundisha katika hoteli ya Palace mjini Torquay, ambako kulikuwa na viwanja vya ndani. Ukikaa kwenye pwani ile yenye mvua utaelewa maana ya kiwanja chenye paa. Huyo huyo Roberts, miaka mingi baadaye, alimlea Sue Barker, bingwa wa Ufaransa wa 1976. Mwalimu mmoja wa hoteli moja ya pwani, na mabingwa wawili wa Ufaransa.

Mwaka 1955 Mortimer alikuwa Paris, kwenye udongo, si nyasi. Fainali dhidi ya Mmarekani Dorothy Knode. Alipoteza seti ya kwanza 2-6, akashinda ya pili 7-5, akaimaliza ya tatu 10-8. Hakuna Mwingereza mwanamke aliyekuwa amelichukua taji la Ufaransa tangu Margaret Scriven mwaka 1934. Wiki chache baadaye akachukua Wimbledon, ndiyo, 1955, ila kwa wachezaji wawili wawili, akiwa na Anne Shilcock. Wapinzani katika fainali ile walikuwa Shirley Bloomer na Pat Ward. Wote wanne Waingereza.

Kisha yakaja maradhi. Alikwenda kucheza Misri, akarudi na amiba tumboni, ule ugonjwa wa kuhara unaomkausha mtu. Wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa unavyokuwa. Kila ukoo una mtu aliyewahi kuupata, na anayeujua anajua kwamba nguvu hazirudi kwa kunywa dawa wiki moja. Kwa mchezaji ambaye mtaji wake ni miguu na pumzi, hapo ndipo kazi huisha.

Yeye alisafiri kwenda Australia kutafuta jua na afya. Januari 1958 akatwaa ubingwa wa Australia mjini Sydney, akimshinda Lorraine Coghlan 6-3, 6-4. Mwingereza mwanamke aliyetangulia kuubeba ubingwa huo alikuwa Dorothy Round, 1935. Miezi sita baadaye yuko kwenye fainali ya Wimbledon, akapoteza kwa Althea Gibson 8-6, 6-2.

Weka pamoja: fainali tano za mmoja mmoja katika mashindano makubwa manne ya tenisi (Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani), ameshinda tatu, na kila taji limetoka nchi tofauti. Ufaransa 1955, Australia 1958, Wimbledon 1961. Udongo mara moja, nyasi mara mbili. Ubingwa wa Marekani peke yake ndio uliomshinda.

Wala hakuwa peke yake jangwani. Kuna dhana kwamba Uingereza ya miaka ile haikuwa na kitu upande wa wanawake mpaka Wade alipotokea. Angalia Paris: 1955 Mortimer, 1957 Shirley Bloomer, 1959 Christine Truman akiwa na miaka 18, 1961 Ann Haydon, ambaye baada ya kuolewa ndiye Ann Jones. Mataji manne ya Ufaransa katika miaka saba, kwa wanawake wanne tofauti wa nchi moja. Mwaka 1961 peke yake Waingereza walikuwa na bingwa wa Paris na bingwa wa London. Ukiwaambia mashabiki wa leo wa Uingereza kwamba kizazi hicho kilikuwepo, wengi watakuangalia kama umekosea nchi.

"Alikuwa kiziwi kabisa"

Hakuwa kiziwi kabisa. Alikuwa na upungufu wa kusikia. Baadhi ya sauti zilimfikia, nyingi zikafika zimefifia. Waandishi hupenda kuligeuza jambo hili kuwa hadithi ya machozi, au kinyume chake, kuwa muujiza.

Kwenye tenisi sikio lina kazi. Mpira uliopigwa katikati ya nyuzi una mlio wake, uliopigwa kwa kukwaruzwa una mwingine, na mchezaji mwenye uzoefu huanza kusogea kwa mlio kabla jicho halijamaliza kusoma. Asiyeusikia mlio ule lazima asome bega, kiwiko, namna raketi inavyofunguka. Na katika mchezo wa wawili wawili watu huitana: wangu, acha, badilisha! Mortimer alitwaa Wimbledon ya wawili wawili katika hali hiyo. Sijui kwa nini hiyo ndiyo sehemu isiyosimuliwa.

Mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba ukimya ule ulimsaidia kukaza mawazo, kwa sababu vishindo vya watazamaji havikumvuruga. Mimi namwamini, hasa nikifikiria ile fainali: maelfu wanaomtaka mwenzake, wanashangilia kila pointi ya mwenzake, wanaguna kila mwenzake anapochechemea. Mtu mwenye masikio mazima angeyabeba yote hayo. Lakini tusiende mbali zaidi ya alivyokwenda yeye. Kusema kwamba uziwi ndio uliompa taji ni kumnyang'anya tena kile tulichomrudishia kwenye habari ya kuanguka.

"Si yule aliyecheza na Althea Gibson?"

Hapana, ingawa kuchanganya ni rahisi, na nimewahi kuona picha ya mmoja ikiwa na maelezo ya mwingine. Aliyecheza pamoja na Gibson ni Angela Buxton, mzaliwa wa Liverpool, binti wa familia ya Kiyahudi. Mwaka 1956 wawili hao, mmoja mweusi kutoka Marekani na mwingine Myahudi wa Uingereza, wote wakiwa wamezoea kufungiwa milango ya vilabu, walitwaa Ufaransa na Wimbledon wakiwa pamoja. Urafiki wao ulidumu mpaka uzeeni, na Gibson alipofilisika na kukata tamaa, Buxton ndiye aliyemtafutia msaada.

Sasa kinachochanganya zaidi: katika Ufaransa ile ile ya 1956, fainali ya mmoja mmoja ilikuwa Gibson dhidi ya Angela Mortimer, bingwa mtetezi. Gibson akashinda 6-0, 12-10, akawa mtu mweusi wa kwanza kutwaa taji kubwa la tenisi. Hivyo Angela mmoja alikuwa upande wake wa wavu, na Angela mwingine upande wa pili, kwenye mashindano yale yale.

Hebu itazame ile alama tena. 6-0, halafu 12-10. Umepigwa seti nzima bila kupata hata gemu moja, mbele ya watu, na wewe ndiye bingwa. Wengi hapo wanashikana mikono mapema wakaoge. Mortimer akamlazimisha Gibson acheze gemu 22 nyingine. Alishindwa, na taji lile Gibson alilistahili bila mjadala. Ila ukitaka kujua Mortimer alikuwa mchezaji wa namna gani, seti aliyopoteza 12-10 inakueleza vizuri kama ile aliyoshinda 7-5.

"Bingwa wa Wimbledon, lazima alitajirika"

Mpaka 1967 Wimbledon ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Hakuna fedha. Bingwa alipewa heshima, picha yake kwenye magazeti, na hati ya kwenda kununua vitu dukani. Anayekubali kulipwa aliondoka kwenda kwenye maonyesho ya wachezaji wa kulipwa na mlango wa Wimbledon ukafungwa nyuma yake. Mlango ulifunguliwa 1968, na mwaka huo Billie Jean King akalipwa pauni 750 kwa ubingwa wa wanawake, Rod Laver pauni 2,000 kwa wa wanaume. Mortimer alikuwa amewahi kwa miaka saba.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukiona mahali pameandikwa kwamba alishinda "Ufaransa ya wazi" 1955, jua mwandishi amelitumia jina la leo. Neno hilo la wazi lilimaanisha wazi kwa waliolipwa na wasiolipwa pia, na mwaka 1955 halikuwepo.

"Yule mke wa mtangazaji"

Mwaka 1967 aliolewa na John Barrett, aliyekuwa mchezaji wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa sauti ya tenisi kwenye televisheni ya BBC kwa miongo mitatu na zaidi. Vizazi vilivyokua vikimsikiliza Barrett vikamjua Angela kama mkewe, bibi mpole anayekaa jukwaani. Mwaka huo huo wa ndoa alipewa nishani ya MBE kwa mchango wake kwenye tenisi, na katika miaka hiyo ya 1960 alikuwa nahodha asiyecheza wa timu ya wanawake iliyopambana na Wamarekani kila mwaka kugombea kombe la Wightman.

Jumba la heshima la tenisi duniani, lililoko Newport, Marekani, lilimwingiza 1993. Mumewe alisubiri hadi 2014. Wanandoa ambao wote wawili wamo humo ni adimu. Wengine ni Andre Agassi na Steffi Graf. Katika nyumba ile, basi, mwenye kutangulia alikuwa mke, kwa miaka 21. Mortimer alifariki Agosti 2025, akiwa na miaka 93, na tangu siku ile yake na Truman fainali ya wanawake ya Wimbledon haijapata tena Waingereza wawili.

Wapo pia wanaoniandikia kunisahihisha kwamba seti ya tenisi haiwezi kufika 10-8 wala 12-10, lazima ni makosa ya chapa. Si makosa. Zamani seti iliendelea mpaka mmoja apate tofauti ya gemu mbili, hata kama ni hadi giza liingie. Gemu ya kuamua ilipoingia Wimbledon mwaka 1971, ilianza kuchezwa seti ikifika 8-8. Kwa sheria hiyo, seti ya kwanza ya Mortimer na Sandra Reynolds ingekatwa pale pale 8-8, kwa pointi chache za haraka. Mwaka 1961 hapakuwa na cha kuikata, wakaenda 9-9, na Mortimer akachukua mbili zilizobaki.